Mbona Hamuwajibu?

Bibi yangu hajapata kushika pedi ya gemu maishani mwake. Simu yake ni ile ya vitufe, na anayemwekea vocha ni mimi. Lakini uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kuusikia juu ya gemu ni wake yeye, na ulikuwa na maneno mawili tu.

Ilikuwa likizo ya Disemba, mimi nina miaka 13, tuko nyumbani Wete. Binamu yangu alikuwa amekuja kutoka Maskati na PlayStation 3 ndani ya begi, kaifunga kwenye mataulo pamoja na makopo ya halua, kana kwamba Wete hakuna halua. Kati ya gemu alizokuja nazo ilikuwemo Resident Evil 5. Kwa asiyeijua: ni gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani, ilitoka Machi 2009, na ndani yake Mmarekani mmoja, Chris Redfield, anatumwa Afrika kupambana na watu walioingiziwa vimelea mwilini wakawa wanyama. Unakimbia, unapiga risasi, unaokota risasi, unapiga tena.

Baada ya sala ya isha tulizima taa, maana gemu ya kutisha huchezwa gizani, tukapandisha sauti. Tulikuwa tumeshafika pale mtu mwenye kipaza sauti anapowachochea watu uwanjani, umati unapiga makelele, halafu wote wanageuka kutufuata sisi. Bibi akafunua pazia la mlango, tasbihi mkononi.

"Nani hao wanaogombana humu ndani?"

"Hapana mtu, Bibi. Gemu hii."

"Mbona wasema Kiswahili?"

Wallahi, mpaka dakika ile hatukuwa tumesikia. Saa nzima tuko ndani ya gemu, watu wanatupigia kelele kwa lugha tuliyozaliwa nayo, na masikio yetu yameichukua kama mlio wa upepo. Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni nani hawa?"

"Majini, Bibi. Ndiyo jina lao, Majini."

"Majini gani wavaa suruali?"

Tukacheka. Binamu akawaangusha wawili. Bibi akatazama kidogo, kisha akauliza wanataka nini. Tukamwambia wanataka kutuua. Akauliza kama wamesema hivyo wenyewe. Tukanyamaza, maana kweli hatukuwa tumesikiliza.

"Basi mbona hamuwajibu?"

Akainuka akaenda kulala. Sisi tukaendelea mpaka saa nane ya usiku.

Nimelirudia swali hilo miaka tisa sasa, na kila nikilirudia naona limegusa penyewe hasa. Hatukuwajibu kwa sababu hakuna kitufe cha kujibu. Kuna kitufe cha kulenga, cha kufyatua, cha kubadilisha silaha, cha kupiga teke, cha kumwita mwenzako. Cha kujibu hakuna. Mtengenezaji wa gemu anapopanga vitufe anapanga na mambo ambayo mchezaji ataweza kuyafikiria. Ukimpa mtu bunduki na umati unaopiga kelele, hata awe anaelewa kila neno la umati ule, atasahau kuwa anaelewa. Sisi tulisahau lugha yetu kwa muda wa saa nzima, tena Wete, mita chache kutoka chumba cha bibi yetu.

Kabla sijaonekana nawapiga Wajapani mawe, niseme kwamba Resident Evil 5 kama gemu ni tamu. Nimeimaliza mara tatu. Kuicheza wawili, TV moja imegawanywa vipande viwili, mnagawana risasi na dawa, mnaokoana, ni raha ambayo gemu nyingi za siku hizi zimeipoteza. Watu wa mchezo wa peke yako hawajui utamu wa kumpigia mwenzio kelele "nipe dawa, nipe dawa!" na yeye anazifungia mfukoni. Kwa hiyo siongei kama mtu asiyependa gemu. Naongea kama mtu anayeipenda gemu iliyomuudhi.

Na wengine ilishawaudhi kabla yangu. Tangu kionjo cha kwanza kilipoonyeshwa mwaka 2007 watu walilalamika kuhusu mzungu anayeua Waafrika kijiji kizima. N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa Newsweek, alieleza mwaka 2008 kwamba picha za namna ile hazianzii kwenye gemu, zina historia ndefu nyuma yake. Wengine wakamjibu kuwa gemu iliyotangulia, ya nne, iliua wanakijiji wa Kihispania na hakuna aliyelia. Mabishano yakaenda mbele na nyuma. Nimeyasoma mengi, yote kwa Kiingereza, na katika yote niliyoyasoma hakuna aliyeuliza swali la bibi. Walibishana juu ya ngozi kwa sababu ngozi waliiona. Lugha hawakuisikia. Kwao ilikuwa mlio, kama ilivyokusudiwa.

Sikiliza sasa ilivyopangwa. Nchi ya gemu inaitwa Kijuju, na imewekwa Afrika Magharibi. Magharibi! Kiswahili kimefikaje huko, kwa jahazi? Mtu aliyeamua hivyo hakuwa anatafuta lugha ya mahali. Alikuwa anatafuta lugha ya "Afrika", akachukua iliyokuwa karibu kwenye rafu. Halafu Chris anapewa mwenzake, Sheva Alomar, Mwafrika, na mwanzoni kabisa gemu yenyewe inaeleza kwamba amepangiwa kwenda naye kwa sababu wenyeji hawatafurahi kumwona Mmarekani. Yaani Sheva yupo pale ili kuwe na mtu wa kusema na watu. Nusu saa baadaye na yeye anafyatua tu. Ukimchagua Sheva umchezee wewe, kitufe bado hakipo.

Kuna sehemu moja tu ambapo mwenyeji anapata kuongea na akasikika. Ni mbele huko, kwenye vijiji vya kinamasi, unaokota daftari la kijana mmoja wa kijijini. Ameandika jinsi watu wa kituo cha mafuta walivyokuja kuwachoma sindano, na yaliyofuata kwa ndugu zake. Ni kurasa chache, ukisoma unakaa kimya. Lakini daftari hilo ni la hiari, unaweza kulipita, na katika nakala yetu lilikuwa kwa Kiingereza. Kiswahili kwa wenye mapanga, Kiingereza kwa mwenye huzuni.

Na hilo jina, Majini. Hapa ndipo Mpemba ana haki ya kucheka mpaka machozi. Mimi si mtu wa mambo hayo, na imamu wa mtaani kwetu akisoma hapa asinielewe vibaya, lakini kila aliyekulia kisiwani anajua yanavyosimuliwa. Jini wa huku ana jina. Ana kabila, ana dini yake, ametoka baharini au nchi kavu, na ana anachokitaka: ubani, marashi, halua, kitambaa cha rangi fulani. Akimpanda mtu, mganga hamfyatulii risasi. Cha kwanza anamuuliza: nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Yaani ukichukua viumbe wote wa masimulizi yetu, jini ndiye hasa anayezungumzwa naye. Capcom wakachukua jina la kiumbe wa mazungumzo wakampa kiumbe asiyejibiwa. Bibi alikuwa hafanyi mzaha. Kwake ile ilikuwa kanuni ya mchezo.

Msiniambie kwamba haiwezekani kiufundi. Wajapani haohao, kwenye mfululizo wa Megami Tensei ulioanza mwaka 1987, walimruhusu mchezaji kuongea na mashetani: kuwabembeleza, kuwahonga, kuwashawishi waungane naye. Mwaka 1987, kwenye mashine ambayo uwezo wake haufiki robo ya simu yako ya mkopo! Mwaka 2015 Mmarekani mmoja, Toby Fox, alitoa Undertale, ambayo unaweza kuimaliza yote bila kuua adui hata mmoja, kwa sababu kila adui ana kitu cha kumwambia. Kitufe cha kujibu ni uamuzi. Mtu anakiweka au hakiweki.

Mbona basi nalikuza jambo la gemu ya mwaka 2009? Kwa sababu mwaka wangu wa kwanza dakhalia, mwenzetu mmoja kutoka bara alikuwa nayo kwenye laptopu. Akaifungua, tumejaa chumba kizima, na kelele za kwanza za Kiswahili zilipotoka akageuka akaniangalia: "We Mpemba, si ndugu zako hao!" Chumba kikavunjika mbavu. Na mimi nikacheka, utafanyaje. Jina la Majini likanikaa muhula mzima. Wapemba wenzangu mnajua hili, ukisema tu kwenu Pemba, mtu anakuuliza kwa mzaha umekuja na wangapi. Sina kinyongo na yule bwana, mpaka leo tunakula pamoja. Ila nilitambua kwamba gemu iliyotengenezwa Osaka ilikuwa imempa mzaha uliokwisha kupikwa, na mimi sikuwa na la kumrudishia.

Kiswahili kimepata kutumika kwa uzuri pia kwenye gemu, tusiwe wachoyo. Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza kutoka kwenye gemu kushinda Grammy. Ni Sala ya Bwana ile, na umetungwa vizuri kwelikweli. Lakini hata hapo wengi wa waliousikia waliusikia kama tulivyowasikia sisi wale wa kwenye TV: sauti nzuri, maana haijulikani. Na Capcom wenyewe, mwaka 1997, walimtoa Elena kwenye Street Fighter III, binti wa Kenya, halafu wakampa mapigano ya Wabrazili. Nampenda Elena. Lakini kwao Kenya ilikuwa rangi ya kumpaka.

Sasa nije kwetu, maana Capcom hawasomi jarida hili.

Sisi tunaocheza, tunasema nini juu ya gemu? Nimekaa vibanda vya gemu Wete na Chake tangu nasoma msingi. Mchezo ni mpira, na wanaojaza benchi ni makocha watupu: pasi ikiharibika, watu saba wanaeleza kwa nini. Ni desturi ileile ya barazani kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na wahakiki wanane wamesimama nyuma yao. Mzee akilitakata vibaya hakuna atakayemwambia "mchezo mzuri". Ataambiwa nyumba ameiachia mapema, na ataambiwa ni kete ya ngapi iliyomponza. Kwa hiyo msiseme hatuna uhakiki. Tunao, tena mkali. Lakini ikija gemu yenye hadithi na wahusika, ukimuuliza mtu vipi, jibu ni moja: "Gemu kali." Au: "Mbovu." Basi. Kali kwa nini? "Kali tu, yakhe."

Nilijaribu jambo kwenye mazoezi ya kufundisha, kwenye skuli moja ya sekondari wilaya ya Mkoani. Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, mada ya uhakiki. Mnajua inavyokuwa: wahusika, mandhari, muundo, mtindo, matumizi ya lugha, dhamira, ujumbe. Watoto wanaziimba kama kaswida na hawajui za nini. Nyuma darasani kulikuwa na kijana mmoja ambaye kwa wiki tatu hakuwa ameandika zaidi ya tarehe. Wiki ya nne nikawaambia: chagueni riwaya, filamu au gemu, mhakiki kwa vipengele hivyohivyo.

Yule kijana akaleta ukurasa na nusu juu ya GTA San Andreas. Hati mbaya, vituo hakuna, lakini alikuwa na hoja. Aliandika kwamba mhusika mkuu, CJ, amerudi nyumbani kwa sababu mama yake kafa. Amefika makaburini mara moja. Hapohapo wakashambuliwa, akapanda baiskeli akakimbia, na tangu hapo hakuna nafasi ya kulia, kwa sababu kila unaposimama gemu inakupa kazi nyingine. Akamalizia kwamba labda mtengenezaji hakutaka CJ alie, kwa kuwa mtu anayelia haibi gari.

Nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba kifo cha mama kinarudi baadaye kwenye hadithi, asome vizuri. Lakini nilimpa 17 kwa 20. Alikuwa ameona kitu kilekile alichokiona Bibi: gemu inavyokuzuia jambo la kibinadamu kwa kutokupa nafasi ya kulifanya. Mwalimu mmoja mkubwa pale aliniuliza kama gemu zimo kwenye silabasi. Nikasema hazimo. Akasema basi. Tukaishia hapo, nami nikarudi kwenye ushairi. Bado naamini kwamba vipengele vile saba vya daftarini vinatosha kabisa kuihakiki gemu yoyote, ukiongeza cha nane: mchezaji anaruhusiwa kufanya nini, na ananyimwa nini.

Nilikikumbuka kipengele hicho cha nane nilipoicheza Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka tarehe 23 Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyemchezea Bayek kwa sauti kwenye Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki mwaka 2013, na gemu hii aliitengeneza kutokana na msiba huo. Kijana Zau amefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: Zau amletee roho tatu kubwa, Kalunga amrudishie Baba. Angalieni inavyoanza. Inaanza na watu wawili wanaozungumza na kukubaliana masharti. Na unaweza kuicheza na sauti za Kiswahili, Kiswahili cha kuhuzunika, cha kubishana, cha kumwita Baba.

Nina manung'uniko yangu nayo. Mapigano yake yanajirudia, unafungiwa mahali, unapiga walewale, unafunguliwa. Na roho zake zimekusanywa kutoka kila upande: Impundulu wa kusini mwa bara, GaGorib wa Wakhoikhoi, Kikiyaon wa huko Senegali na Gambia, zote zimewekwa chini ya paa moja la Kibantu. Salim naye amechukua kwenye rafu. Tofauti ni kwamba alichokichukua amekaa nacho, akakiuliza kinataka nini. Na kuna mibuyu. Zau anafika chini ya mbuyu, unabonyeza kitufe, anakaa. Hafanyi kitu. Anaongea juu ya baba yake, kisha uhai wake unaongezeka. Gemu nzima imesimama ili mtu akae na msiba wake, na kuna kitufe maalumu kwa kazi hiyo. Yule kijana wa Mkoani angepaswa kuiona.

Likizo iliyopita niliazima laptopu ya rafiki yangu wa dakhalia nikaenda nayo Wete. Bibi sasa haoni vizuri, kwa hiyo alikuwa anasikiliza zaidi kuliko kutazama. Kwanza akasema Kiswahili hiki si cha huku. Nikamwambia ndiyo, si cha huku. Akasikiliza. Zau alipokaa chini ya mbuyu nikamweleza alipo, na Bibi akashtuka: mtoto gani akaa chini ya mbuyu na jua lazama, hana wakubwa? Nikamwambia ndiyo hivyo, kafiwa. Akanyamaza muda mrefu. Akauliza babake amekufa kwa nini, nikamweleza. Akauliza yule anayepatana naye ni nani, nikamweleza, akasema "astaghfirullah" na hakuniambia nizime.

Tulikwenda hivyo mpaka karibu saa sita. Kila Zau akisemeshwa, Bibi alikuwa anajibu kabla yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na chaji ilikuwa imebaki asilimia tisa aliponiuliza:

"Mwisho ampata babake?"

Nikamwambia na mimi sijafika mwisho.

"Basi kesho ukaitie moto hiyo mashine mapema," akasema, akajivutia kanga.